Mguu Unarudi

Februari ya Dar haina huruma. Ikifika saa tano asubuhi, bati la kibanda changu cha ushonaji hapa Sinza limeshawaka, na mguu wa kulia unaanza kukanyaga pedeli ya cherehani kama si wangu. Nauona unakwenda ila siusikii. Basi nachovya khanga kwenye ndoo ya maji ya barafu, naikamua, najifunga shingoni, nakaa. Baada ya muda mguu unarudi.

Nina maltipo sklerosisi, hospitali wanaiita MS. Haiambukizi, wala sikurogwa. Kinga ya mwili inaugeukia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, inautafuna. Neva inabaki kama waya uliochunika plastiki, na mwili ukipanda joto hata nusu nyuzijoto, taarifa zinazidi kupita kwa shida. Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho wa Ujerumani, alieleza hali hiyo mwaka 1890. Siku niliyoambiwa kwamba joto halinitoboi neva upya, linazilemea tu kwa muda, nililala usingizi wa maana.

Wengi wanasema kuishi vizuri na ugonjwa ni kujikaza. Nilijikaza miaka miwili, nikaishia kuharibu vitambaa vya watu. Sasa nakata alfajiri, mikono ikiwa bado yangu. Mchana napiga vifungo chini ya feni. Harusini naenda, nacheza, nikichoka naketi, na sidhani kwamba furaha yangu imepungua kwa sababu ya kile kiti.

Kazi kubwa ni uchovu usioonekana. Juzi kwenye daladala konda aliniambia, "Dada wewe mzima, mpishe mama." Nikamjibu, "Kaka, naumwa neva, nikisimama nitaanguka." Yule mama akanishika bega: "Kaa mwanangu." Zamani ningesimama kwa aibu.

Jambo moja linaniuma. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS kwenye orodha ya dawa muhimu, rituximab ikiwemo. Nataka mgonjwa wa Mbagala azipate bila kuuza kiwanja, na azipate mapema, kabla neva hazijaharibika, maana dawa hizi hupunguza mashambulizi, hazirudishi kilichokwisha kupotea.

Jumamosi kuna sare sita za harusi. Tano zimeisha. Ya sita naikata kesho, bati likiwa bado baridi.