Kukata Wote Tunajua, Shida ni Rangi

Vijana wanaoanza kupiga video za harusi huniuliza swali moja: "Kaka, nitumie programu gani kuhariri?" Huwa najibu kwa maswali mawili. Kompyuta yako ina nguvu gani, na utapiga nyuso za kina nani? La pili huwachekesha. Sitanii.

Kukata na kuunga vipande si tatizo. Iwe Premiere Pro, Final Cut Pro, DaVinci Resolve au Kdenlive ya bure, utaingiza picha, utakata, utaunga, utaweka muziki. Ukizoea moja, kuhamia nyingine ni wiki mbili za kutafuta vitufe huku unalaani. Zinakoachana ni kwenye rangi, na rangi ndiyo inayomfanya mama wa bibi harusi arudishe flashi akisema, "Huyu si mwanangu."

Nimeambiwa hivyo. Ilikuwa sendoff Sinza, jukwaani taa za zambarau, mezani balbu za manjano. Nilikuwa nimechoka, nikabandika luti niliyoipakua mtandaoni, ile ya kuipa picha sura ya sinema. Luti ni jedwali tu la kugeuza rangi hii kuwa ile. Haijui ukumbi wako wala kamera yako, na aliyeitengeneza hakuwa na shangazi zetu akilini. Nyuso zikatoka kama zimepakwa majivu, gauni jeupe likawa la buluu.

Kosa hili ni la zamani kuliko kompyuta zetu. Enzi za filamu, maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zikiitwa kadi za Shirley. Yeye akitoka vizuri, mashine iko sawa; sisi wengine tujitafutie. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Mazoea yale bado yapo: somo la mtandaoni litakwambia mwangaza wa uso ukae karibu na 70 kwenye kipimo cha 0 hadi 100. Mpandishe hapo bibi harusi mweusi wa kung'aa uone. Utakuwa umemchubua bila krimu.

Kilichoniokoa ni vektaskopu, kile kiduara kinachoonyesha rangi za picha zinaelekea wapi. Ndani yake kuna mstari wa ngozi. Mweusi, mweupe, maji ya kunde, ngozi zetu zote huangukia karibu na mstari huohuo; kinachotutofautisha zaidi ni mwangaza. Kwa hiyo narekebisha weupe wa picha kwanza, mpaka gauni jeupe lionekane jeupe, halafu nausogeza uso kwenye mstari, ndipo napandisha taratibu mwangaza wa katikati, ule wa sehemu zisizo giza wala nyeupe kabisa. Taratibu kweli, maana kamera zetu nyingi hurekodi biti 8, ngazi 256 tu kwa kila rangi. Ukivuta sana, giza la ukumbi linaanza kuchemka chengachenga.

Kwa kazi hii naipigia debe Resolve, wala silipwi. Ilianza kama mashine ya rangi. Da Vinci Systems ya Florida iliuzia studio kubwa mitambo ya mamia ya maelfu ya dola. Blackmagic Design ya Australia ikainunua mwaka 2009, na mwaka 2011 ikatoa toleo la bure. Kuhariri ndiko kulikoongezwa baadaye. Mle ndani kila sahihisho lina kisanduku chake, kinaitwa nodi: hiki cha taa, hiki cha ngozi, hiki cha gauni. Mteja akisema gauni limezidi weupe, unagusa kisanduku kimoja, mengine yanabaki. Lumetri, paneli ya rangi iliyoingia Premiere mwaka 2015, inatosha kwa mengi, ila nikiwa na taa za rangi tatu ndani ya fremu moja huko nabanwa.

Bure nayo ina mipaka. Kifaa cha kuondoa chengachenga kipo kwenye toleo la kulipia liitwalo Studio, dola 295 unazolipa mara moja tu. Kwa mtu wa kumbi za giza, hiyo ndiyo ya kuwekea akiba kabla ya lenzi mpya. Kwenye Linux toleo la bure halifungui hata video za H.264, yaani karibu kila kitu kinachotoka kwenye kamera zetu.

Halafu kuna kompyuta. Laptopu yenye RAM ya GB 8 isiyo na kadi ya michoro, Resolve itaigandisha. Tengeneza proksi, nakala ndogo za kukatia, au baki na Kdenlive kwanza; si aibu. Final Cut ni nyepesi na nzuri, ila inataka vifaa vya Apple. Premiere ni sawa kama unailipia kila mwezi. Ya kuchakachua nimeitumia miaka miwili, mpaka ikagoma kufunguka usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi, na hakuna wa kumlalamikia. Mwizi anaibiwa na nani?

Flashi ya pili niliipeleka baada ya siku nne. Yule mama aliitazama mpaka mwisho, kimya. Kisha akauliza kwa nini dada yake haonekani akicheza.