Nyumba Imepewa Dawa

Kwetu Tanga ukisafiri unatia kufuli mlangoni, ufunguo unampa jirani, unamwambia, "Nitazamie hapo, na taa ya barazani usiku uiwashe." Umemaliza. Ukirudi baada ya miezi miwili unakuta buibui, na kuku wa watu ametagia kwenye ndoo yako. Mayai ni yako.

Sasa ngoja niwape ya Minneapolis, kule Marekani ninakoishi. Tulikata tiketi za kuja nyumbani, Desemba hadi Februari. Mimi nikadhani kazi ni masanduku ya zawadi tu. Mke wangu akaniuliza, "Na nyumba umeiandaaje?" Nikamjibu nitafunga mlango. Akaniangalia vile anavyoniangalia nikisema nimeacha sukari.

Kumbe nyumba ya kule huiachi hivi hivi. Baridi ikishuka nyuzi 25 chini ya sifuri, maji yaliyolala kwenye mabomba yanaganda, bomba linapasuka, na barafu ikija kuyeyuka una bwawa sebuleni na wa kuliona hayupo. Njia ni mbili. Ya kwanza, unaacha hita inawaka, nyuzi 55 kwa kipimo chao, kama 13 zetu. Nikaikataa palepale. Yaani mimi niko Tanga navuja jasho, huku nalipia gesi ili makochi yasipate mafua? Makochi! Mimi mwenyewe nikiwa mle ndani naambiwa nivae sweta mbili tuokoe bili.

Ya pili ni kukausha nyumba nzima. Akaja fundi bomba, mzee wa kizungu, maneno machache. Akafunga koki kuu, akafungua mabomba yote, akamwaga tangi la maji ya moto, kisha akaleta kompresa kama ile ya wajaza upepo matairi, akaanza kupuliza. Bomba la bafuni likakohoa. Likatema. Likapiga chafya mbili, likanyamaza. Nikasema inna lillahi.

Nikamuuliza kwani maji yana ugomvi gani na bomba. Akanieleza kuwa maji yakiganda hunenepa, kama asilimia 9. Nikajiangalia tumbo. Mimi tangu nifike Marekani nimeipita hiyo asilimia zamani, na sijapasuka.

Halafu akatoa galoni za dawa ya pinki, ya kuzuia kuganda. Si ile ya gari, ile ni sumu. Hii ndiyo wanayoitia kwenye maboti na nyumba za magurudumu. Akamimina kwenye kila sinki, maana ile kona ya bomba chini yake haikauki, inashika maji ili harufu ya majitaka isipande ndani. Chooni akatia kwenye bakuli na kwenye tangi. Mama yangu yuko kwenye simu ya video, anaona yote.

"Mnamwaga sharubati chooni?"

"Dawa, mama. Ya baridi."

"Nyumba inaumwa?"

"Haiumwi, ni kinga."

Akanyamaza kidogo. "Na wewe ile dawa yako ya presha unameza?"

Kosa langu lilikuwa moja. Fundi nilimwita Jumatano, na ndege yetu ni Alhamisi jioni. Usiku mzima hatuna maji, watoto wanapiga mswaki kwa jirani. Mke wangu akabandika karatasi kwenye kifuniko cha choo: USIGUSE. Lakini mtu ukiamka usiku wa manane, macho nusu, karatasi unaisomea wapi? Nikamaliza haja, mkono ukaenda wenyewe. Grrrrr! Pinki yote ikaenda zake. Toka chumbani nikasikia, "Baba fulani, umefanya nini?"

Asubuhi nilikuwa wa kwanza dukani, galoni mkononi, nikiwaza masanduku ambayo hayajafungwa.

Theluji nayo ina sheria. Ikiacha kuanguka, jiji linakupa saa 24 uwe umesafisha njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba yako. Uwepo, usiwepo, shauri yako. Jirani amekubali kunisafishia, nami nimletee majani ya chai na shati la kitenge. Saizi yake sikuuliza.

Basi tumefika Tanga. Juzi saa tisa usiku, feni inazunguka, joto la kukamua shuka, nikakurupuka kitandani.

"Mke wangu, lile bomba la nje, la bustani. Mpira wake niliuchomoa?"

Kimya.

"Mpira usipochomolewa maji yanabaki kwenye koki, yanagandia ukutani. Saa hizi kule ni saa kumi na mbili jioni, jirani hajalala. Nimpigie?"

Akageuzia feni upande wake, akalala.