Chai ya artemisia au kidonge cha mseto? Tuongelee miligramu kwanza

Kila mvua zikianza na malaria ikapanda, kuna ujumbe unarudi kwenye magrupu ya WhatsApp: chemsha majani ya artemisia, kunywa siku saba, achana na vidonge, maana viwandani wanachukua jani zima lenye nguvu zote, wanakamua kitu kimoja, mengine wanatupa, halafu wanakuja kutuuzia kwa bei yao. Wanaousambaza wengi wana nia njema kabisa, na una ukweli ndani yake, ndo maana haufi. Ila upande wa pili, wa wale wanaokamua jani na kupima kilichomo, naona hausikilizwi kabisa, mtu akiongea tu anaambiwa katumwa na makampuni. Hapo nadhani tunakosea, na tunakosea kwenye ugonjwa unaoua.

Watetezi wa chai tuwape haki yao kwanza. Mtu yuko kijijini ndani huko Maniema, mashariki mwa Kongo, au Kigoma, duka la dawa liko mbali, na akifika anaweza kuuziwa kidonge feki, wakati jani liko nyuma ya nyumba na halina gharama. Jani lenyewe lina vitu vingi zaidi ya artemisinini, ile kemikali inayoua vimelea vya malaria, kuna flavonoidi, yaani kemikali nyingine za mimea, za kila aina, na kwenye maabara baadhi yake zimeonekana kuiongezea nguvu. Na hili la usugu wa vimelea kwa dawa, kule Kambodia, kisha Rwanda na huku Kagera, vimelea vilivyoanza kuizoea artemisinini havikuizoea kwa sababu ya chai, vimekulia kwenye mazingira ya vidonge. Hayo watu wa maabara wayakubali bila kigugumizi.

Sasa hii dhana kwamba maabara ni adui wa tiba asili, hebu angalia dawa yenyewe ilikotoka. Mwaka 1967 China ilianzisha mradi wa siri ulioitwa 523, kutafuta dawa ya malaria iliyokuwa inawamaliza askari kwenye vita ya Vietnam. Mwanasayansi Tu Youyou aliingia mwaka 1969, na alianza na vitabu vya zamani vya tiba na waganga wa jadi, akakusanya dawa zao kwa mamia. Jani hili lilikuwemo ila lilimsumbua, leo linafanya kazi, kesho halifanyi. Jibu alilipata kwa Ge Hong, mganga wa karne ya 4, aliyeandika loweka majani kwenye maji, kamua, kunywa. Hakusema chemsha. Tu Youyou akashuku kwamba moto unaharibu kitu, akahamia kwenye etha, kimiminika cha kukamulia ambacho kinachemka kwenye nyuzi kama 35 tu, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikasafisha vimelea vyote kwa panya. Mwaka 2015 akapewa Nobel. Kwa hiyo mganga wa kale hakuibiwa hapo, alisikilizwa na mtu aliyekuwa na vifaa vya kumthibitisha.

Namba ninayoirudia kila mjadala huu ukianza ni 94.5, na nitakaa nayo kidogo. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti ambao wanaume 14 wenye afya njema walikunywa lita moja ya chai iliyotengenezwa kwa gramu 9 za majani ya artemisia, na chai ile ilikuwa imepimwa, ilikuwa na miligramu 94.5 za artemisinini. Dozi ya siku ya artemisinini kwa mtu mzima ilikuwa inahesabiwa kama miligramu 500. Yaani lita nzima, chungu kama shubiri, ni asilimia 19 ya dozi. Ili ufike 500 unatakiwa unywe lita tano na kitu kwa siku, na hapo tunamuongelea mgonjwa wa malaria ambaye hata uji haukai tumboni.

Na hiyo ndo chai nzuri! Maana ili gramu 9 zitoe miligramu 94.5, jani lazima liwe na artemisinini zaidi ya asilimia 1, na jani la hivyo ni la mbegu iliyochaguliwa, limevunwa kwa wakati wake karibu na kutoa maua, likakaushwa na kutunzwa vizuri. Mengine yana asilimia 0.1 tu. Chukua gramu 9 za hilo, hata ukiweza kulikamua lote mpaka tone la mwisho, unapata miligramu 9. Tisa, wakati mwili unataka mia tano. Na majani yote mawili yanaonekana sawa, yananukia sawa, yanauzwa kwenye kifuko kile kile cha plastiki na muuzaji yule yule ambaye hana njia ya kujua lipi ni lipi. Jani tunaloliongelea mpaka hapa ni Artemisia annua. Bado kuna ile ya kwetu ya milimani, Artemisia afra, nayo watu wanaiita artemisia au pakanga, harufu kali, lakini artemisinini ndani yake hakuna, au ipo chembe isiyo na maana. Mama anaambiwa mpe mtoto artemisia, anampa hiyo.

Kahawa ni hivyo hivyo, kikombe cha robusta ya Kagera kinaweza kuwa na kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro, na tunalijua hilo kwa sababu tangu mkemia Mjerumani Runge aitenge kafeini mwaka 1819 watu wamekuwa wakiipima. Ukikosea kwenye kahawa unakosa usingizi usiku mmoja. Kwenye malaria, mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo 597,000, karibu vyote Afrika, na kama robo tatu ya waliokufa huku kwetu ni watoto chini ya miaka mitano. Mimi ndo maana siwezi kuichukulia hii tofauti ya 9 na 500 kama ubishi wa wasomi.

Mtu atasema, hesabu za nini wakati watu wanakunywa na wanapona? Ni kweli wanapata nafuu, tena haraka. Kongo kulifanyika jaribio, nalo likachapishwa 2004, wagonjwa wengine walipewa chai ya artemisia na wengine kwinini, na baada ya siku saba walikuwa wamepona wastani wa asilimia 74 kwenye artemisia na 91 kwenye kwinini. Asilimia 74 siyo mchezo. Shida ilikuja baadaye, maana kwenye kundi la artemisia malaria ilirudi kwa wengi. Artemisinini inapiga haraka na inaondoka haraka, ndani ya saa chache mwilini imeshapungua sana, vimelea vilivyosalia vinajipanga upya. Mgonjwa ameshatoa ushuhuda grupuni kwamba amepona, na ikimrudia wiki ya tatu anasema ni malaria mpya.

Na hapa ndipo lile lalamiko la "wanakamua kitu kimoja" linapokosa mashiko, kwa sababu kidonge cha ALu, ile dawa ya mseto, hakina kitu kimoja, kina artemeta miligramu 20 inayotengenezwa kutokana na artemisinini, pamoja na lumefantrini miligramu 120 ambayo inabaki mwilini siku kadhaa kumalizia vimelea vilivyobaki. Mtu mzima vidonge vinne mara mbili kwa siku, siku tatu, jumla 24. Huwezi kupanga kitu kama hicho kama hujui ndani ya jani mna kiasi gani.

Kazi yenyewe ya kukamua siyo uchawi wala siyo rahisi. Majani makavu yanalowekwa kwenye hekseni, kimiminika cha kuyeyushia, au kitu cha jamii hiyo, kwa sababu artemisinini haipendi maji, hekseni inachujwa na kuvukizwa, inabaki tope la kijani kizito lenye nta na klorofili, linasafishwa na kusafishwa tena mpaka zitokee fuwele nyeupe kama sindano. Tani moja ya majani ya asilimia 1 ina kilo 10 tu, na zote hazitoki. Kuipima nako ni kazi, kafeini ukiimulika kwa mwanga wa UV inajitokeza yenyewe, artemisinini karibu haionekani, lazima uibadilishe kwanza kwa alkali au uwe na kipima cha aina nyingine ambacho maabara nyingi za wilayani hazina. Ndo maana wanaouza majani hawaandiki miligramu, siyo wote ni matapeli.

Kulikuwa na utafiti mkubwa wa Maniema uliotoka 2019 ukisema chai imeshinda vidonge, na mpaka leo unatumwa kama ushahidi. Jarida lililouchapisha lilishauondoa. Anayeutuma leo amwambie na hilo anayemtumia.

Kwenye pesa ndo watu wa chai wananipata. Mwaka 2005 kilo ya artemisinini ilikuwa zaidi ya dola 1,000, wakulima wa Kenya, Tanzania na Uganda wakahamasishwa walime, kufika 2007 bei ikawa kama dola 200 na waliolima wakabaki na majani yao. Halafu 2013 kampuni ya dawa ya Sanofi wakaanza kuitengeneza Italia kwa kutumia hamira iliyobadilishwa vinasaba, bila shamba kabisa, japo biashara hiyo haikudumu. Mkulima aliyepitia hayo ukimwambia kiwanda ni rafiki yako hawezi kukuelewa, na simlaumu. Lakini hasira ya bei inatakiwa iende kwenye mikataba na kwenye kudai viwanda vya kukamua viwe huku huku, isiende kwenye kipimo.

Mei 2020 Kabudi, aliyekuwa Waziri wetu wa Mambo ya Nje, alienda mwenyewe Madagaska kupokea chupa za Covid-Organics, kinywaji cha artemisia na mimea mingine, na nchi nzima tulibishana kama inaponya Covid au haiponyi. Kwenye mabishano yale yote sikusikia watu wakiuliza chupa moja ina miligramu ngapi za nini. Ndicho ninachokitaka sasa kwa kila anayeuza artemisia, kifuko kiandikwe ni aina gani, annua au afra, kimevunwa lini, kina artemisinini kiasi gani, na nani kapima. Muhimbili wana taasisi ya tiba asili, Kenya kuna KEMRI, taasisi yao ya utafiti wa tiba, waongezewe uwezo wafanye hiyo kazi kwa bei ambayo mkulima mdogo anaimudu. Anayekunywa kwa ajili ya tumbo lake au kujisikia vizuri tu sina ugomvi naye. Ila mtoto mwenye homa apelekwe akapimwe, na kipimo kikionesha malaria apewe dawa yenye dozi inayojulikana, leo hii, siyo baada ya kujaribu chai kwanza.