Soma namba ya kadi kwanza, draiva baadaye

Mtu akilalamika kwamba waifai ya laptopu yake haionekani kwenye Linux, karibu kila mara ataambiwa kwanza apakue msimbo wa draiva (programu inayoiendesha kadi ya waifai) kutoka intaneti aukompaili, yaani augeuze kuwa programu inayoweza kutumika. Ushauri huu unaniudhi sana, maana anayeutoa hajauliza hata kadi yenyewe ni ipi.

Jina la kwenye boksi halitoshi. Chukua TL-WN722N ya TP-Link. Toleo la 1 lina chipu ya Atheros AR9271, inayoendeshwa na draiva ya ath9k_htc iliyomo ndani ya kerneli (kiini cha Linux). Toleo la 2 lina chipu ya Realtek, kitu kingine kabisa, na jina halikubadilika. Ukifuata maelekezo ya la kwanza huku mkononi una la pili, utakesha bure. Andika lsusb kwenye terminali, uone namba ya kadi: la 1 litaonyesha 0cf3:9271, la 2 litaonyesha 2357:010c. Kwa kadi iliyo ndani ya mashine tumia lspci -nnk, kisha utafute mstari wa "Kernel driver in use". Ukiwepo, draiva unayo tayari. Acha kutafuta nyingine!

Sasa isikilize kerneli: sudo dmesg | grep -i firmware. Ukikuta "failed with error -2", maana yake draiva imeomba faili la fimwea (programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe) na halipo. Hapo hakuna cha kukompaili, unahitaji kifurushi tu: firmware-iwlwifi au firmware-realtek kwenye Debian, linux-firmware kwenye Ubuntu. Intaneti ya kukipakua iazime kwenye simu kwa kebo ya USB. (Debian ilianza kuweka fimwea hizi kwenye kisakinishi chake rasmi katika toleo la 12, mwaka 2023. Ilichelewa mno.) Ila usishtuke haraka: iwlwifi, draiva ya kadi za Intel, huanza kuomba toleo jipya zaidi la fimwea, ikilikosa inashuka hadi la chini yake. Mistari kadhaa ya -2 ikifuatiwa na "loaded firmware version" si kosa hata kidogo.

Kwa nini nang'ang'ania hivi? Kwa sababu moduli (draiva inayochomekwa kwenye kerneli) uliyoikompaili mwenyewe inafungamana na kerneli ya siku hiyo. Kerneli ikisasishwa, waifai inakufa, na dawa yake iko kwenye intaneti ambayo huna tena. Zana iitwayo DKMS huikompaili upya, lakini inataka linux-headers (faili za kujengea moduli) za kerneli hiyo hiyo, na kerneli ikibadilisha vitu vyake vya ndani, msimbo usiotunzwa unagoma. Secure Boot (ulinzi wa mashine unaokataa msimbo usio na saini) ikiwa imewashwa, unaambiwa "Key was rejected by service": moduli haina saini inayotambulika, na itabidi usajili ufunguo wa saini kwa amri ya mokutil. Mateso yote haya kwa chipu kama RTL8821CE, ambayo draiva ya rtw88 ya ndani ya kerneli inaiendesha tangu kerneli 5.9. Sasisha kerneli kwanza. Na kama ulishasakinisha draiva ile ya nje, iondoe, zisigombanie kadi moja.

Nakubali, zipo kadi zisizo na njia nyingine. BCM4360 ya Broadcom yenye namba 14e4:43a0 inataka draiva ya wl, basi sakinisha kifurushi cha broadcom-sta-dkms na uhakikishe moduli za b43, bcma na ssb zimezuiwa zisiiwahi kadi. Lakini hata hapo ni namba iliyokuelekeza.

Waifai inayoshika kisha kukatika kila baada ya dakika chache, jaribu kwanza iw dev wlan0 set power_save off, ukiweka jina la kadi yako mahali pa wlan0.

Na kadi ikionekana lakini haitafuti mitandao, andika rfkill list. "Soft blocked: yes" huondoka kwa rfkill unblock wifi. "Hard blocked: yes" haiondolewi na amri hiyo, tafuta swichi ubavuni mwa mashine, au kitufe chenye alama ya antena au ndege ukibonyeze pamoja na Fn.