Benki ikipima ghorofa kwa leza, mkopaji naye apewe faili

Mkopo wa ujenzi hautoki wote kwa mara moja. Msingi ukiisha benki inatoa mkupuo, zege la ghorofa ya kwanza likimwagwa inatoa mwingine, na kuendelea hivyo mpaka kupaua na umaliziaji. Kila mkupuo unategemea swali moja: kazi imefika wapi? Kwa kawaida anayejibu ni mtu mmoja aliyepita saiti kwa saa moja au mbili, akatazama, akapiga picha kwa simu, kisha akaandika asilimia.

Mimi ni mkadiriaji majenzi hapa Dar es Salaam, na kazi hiyo ya kuandika asilimia ndiyo inayonilisha. Nasema wazi kwamba skana ya leza inaifanya vizuri kuliko jicho langu. Wakaguzi wawili waaminifu wanaweza kupita jengo moja siku moja, mmoja akaandika asilimia 50 na mwingine 60. Kwenye mradi wa shilingi bilioni 3, pengo hilo ni milioni 300. Ikilipwa kabla ya kazi, benki imebaki na deni lisilo na dhamana. Isipolipwa kwa kazi iliyokwisha fanyika, mafundi wanarudi nyumbani Jumamosi mikono mitupu.

Kwa hiyo naunga mkono leza. Ninachokipinga ni wazo ambalo nalisikia kila habari hii inapozungumzwa, kwamba benki ikodi kampuni ya kupima, ipokee matokeo, iyafungie kabatini, kisha mkopaji aambiwe tu namba iliyotoka. Kipimo cha namna hiyo kitaleta ugomvi mkubwa kuliko ule tulionao.

Kwanza tuelewane kuhusu kifaa chenyewe. Skana inakaa juu ya miguu mitatu katikati ya chumba, inarusha mwanga na kupima safari yake ya kwenda na kurudi. Ukuta ulio mita 10 mbele, mwanga unaufikia na kurudi kwa takriban nanosekunde 67. Kioo ndani ya kifaa kinazunguka kwa kasi huku kichwa chote kikigeuka taratibu, hivyo dari, sakafu, nguzo na kuta zote zinafagiliwa. RTC360 ya Leica, iliyotoka mwaka 2018, inachukua hadi nukta milioni 2 kwa sekunde. Ukimaliza kituo kimoja unahamia kingine, na programu inaunganisha vituo vyote kuwa wingu moja la nukta, kila nukta ikiwa na mahali pake kwa usahihi wa milimita chache.

Na si teknolojia ngeni kwetu. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town ulishapima kwa leza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Misikiti na majumba ya mawe ya matumbawe ya karne nyingi zilizopita yana vipimo ambavyo maghorofa mengi ya leo, yenye mikopo ya mabilioni, hayana.

Nieleze jambo moja ambalo tepu isingeliona. Kwenye jengo la makazi nililohusika nalo, mchoro ulitaka sakafu ya ghorofa iwe na unene wa milimita 200. Ukiweka tepu ukingoni, ambako kila mkaguzi anafika, ulikuta 200 kamili. Skana ilipima chini ya sakafu na juu yake, vipimo vikaunganishwa kupitia uwazi wa ngazi, na katikati ya sakafu, mbali na ukingo, unene ukaonekana kushuka mpaka karibu 170. Hesabu yake si ndogo. Pungufu ya milimita 30 ikienea kwenye mita za mraba 400 ni mita za ujazo 12 za zege, yaani karibu magari mawili ya mixer, kwa ghorofa moja tu.

Kilichonifurahisha ni kilichofuata. Msimamizi wa saiti alionyeshwa picha ya rangi kwenye kompyuta, bluu pale palipo sawa na nyekundu pale palipopungua. Hakubishana wala hakukubali. Alichukua drili, akaenda kwenye eneo jekundu alilolichagua mwenyewe, akatoboa tundu mpaka chini, akaingiza waya uliopinda ncha na kuupima. Milimita 172. Baada ya hapo hakukuwa na mjadala wa nani mwongo. Mhandisi aliitwa kukokotoa upya kama sakafu inabeba mzigo wake, na malipo ya awamu ile yakarekebishwa kwa kiasi ambacho pande zote zilikiona.

Sasa fikiria msimamizi yule asingeonyeshwa kitu. Angepokea barua isemayo malipo yamepunguzwa kwa sababu kipimo kimeonyesha upungufu. Angetoboa wapi?

Watu wanadhani leza haina upande. Mwanga hauna upande, ni kweli, lakini kati ya mwanga na asilimia kuna maamuzi mengi ya binadamu. Ghorofa likiwa bado limesimamishwa mirunda, skana haioni sehemu kubwa ya dari, kwa sababu kila mrunda unaacha kivuli nyuma yake. Rundo la matofali linaficha sakafu. Maji yaliyotuama na vioo vinarudisha mwanga ovyo. Programu inapolinganisha wingu la nukta na mchoro, penye kivuli inaweza kuandika kwamba hapajajengwa. Halafu kuna mchoro wenyewe. Msanifu ametoa maelekezo wiki tatu zilizopita, ukuta umesogezwa sentimita 40, lakini aliyepima amepewa mchoro wa zamani. Ukuta uliojengwa sawasawa unahesabiwa kama haupo. Anayeweza kugundua hayo ni yule anayelijua jengo, na huyo ndiye tunayetaka kumnyima faili.

Mipaka mingine nitaitaja kwa ufupi. Leza inapima umbo, haipimi nguvu. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi hapa mjini liliporomoka na kuua watu. Tarehe 16 Novemba 2024 ikawa zamu ya Kariakoo. Kila yanapotokea haya kuna anayesema teknolojia ingeyazuia. Skana haijui kama zege lina saruji ya kutosha. Hilo linajulikana kwa kuvunja vipande vya zege maabara, siku ya 7 na siku ya 28, na benki isikubali picha yoyote ya rangi kuwa badala ya cheti cha maabara.

Vilevile haioni ndani ya kilichokwisha kufunikwa. Ndiyo maana siku ya kupima ina thamani kuliko kifaa. Skana ikiletwa siku moja kabla ya kumwaga zege, nafasi kati ya nondo na nondo inasomeka, na kama mchoro unataka milimita 150 na zimefungwa kwa 200, itaonekana. (Kipenyo cha nondo ni jambo jingine. Tofauti ya milimita 10 na 12 hupotea kwenye ukungu wa nukta, hapo tumia kalipa, kile kifaa cha mkononi cha kubana na kupima kipenyo.) Ikiletwa siku mbili baadaye unapima zege tupu. Benki inayopima kila tarehe 30 kwa sababu ndiyo mwisho wa mwezi inalipia kazi isiyojibu swali lake.

Na kwenye umaliziaji thamani inakimbia umbo. Lifti, transfoma, madirisha ya alumini, nyaya ndani ya plasta: fedha nyingi zimelala kwenye vitu ambavyo skana inaviona kama maboksi au haivioni kabisa. Hapo bado anahitajika mtu wa kusoma BOQ, yaani orodha ya kazi zote na vipimo na bei zake, na kuomba risiti. Nalisema hili si kwa kutetea ugali wangu. Nimeona hati za malipo ambazo bei ya msingi ilipandishwa makusudi ili fedha zitoke mapema. Leza itathibitisha kwamba msingi upo wote, na itakuwa kweli, huku benki ikiwa imeshalipa zaidi ya thamani yake.

Turudi kwenye muda, maana hapa ndipo mkandarasi mdogo anapoumia. Chini ya Kitabu Chekundu cha 1999, mkataba wa mfano wa ujenzi uliotolewa na FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, mhandisi ana siku 28 za kutoa hati ya malipo tangu apokee madai, na mwajiri, yaani mwenye mradi, ana siku 56 za kulipa tangu siku hiyohiyo ya madai. Muda ule uliwekwa kwa ajili ya watu wa kutembea saiti na tepu na kubishana juu ya karatasi. Skana inamaliza ghorofa ya ukubwa wa kawaida kwa siku moja, na hesabu ya ujazo inatoka ndani ya wiki. Kama kipimo kimekuwa cha haraka hivyo, kwa nini fedha ziendelee kusubiri? Mkandarasi anayesubiri anakopa saruji kwa muuza hardware kwa bei ya mkopo, anapunguza mafundi, na wale wazuri hawarudi. Benki ikitaka kipimo cha kisasa, ikubali na tarehe ya kisasa ya kulipa.

Ningeandika hivi kwenye mkataba wa mkopo. Kupima kufanyike kabla ya kila hatua ya kufunikwa, kwa taarifa ya mkandarasi ya siku tatu, na mpimaji asiyetokea asizuie kazi. Mchoro wa kulinganishia usainiwe na msanifu kila awamu. Faili lote la nukta, si ripoti ya kurasa nne, litolewe kwa benki na mkopaji siku moja, katika muundo wa E57 ambao programu nyingi zinaufungua bila kukufunga kwa kampuni moja. Mkopaji awe na siku tano za kupinga, akionyesha mahali penyewe kwenye faili. Asipopinga, fedha zitoke ndani ya siku 14. Gharama ya kupima iandikwe wazi mwanzoni kama kipengele cha mkopo, isije ikaibuka baadaye kama makato ya huduma.

Wanaonunua nyumba kabla hazijajengwa nao wahesabiwe. Wanalipa kwa awamu zilezile, kwa ahadi zilezile, na mara nyingi hawana mkaguzi yeyote. Benki ikishakuwa na kipimo cha jengo lao, kuwapa muhtasari wake kila awamu hakuigharimu chochote cha maana. Hapo ndipo ningeanza kuibana benki yoyote itakayokuja kuniambia imenunua huduma ya leza.