Karo yako inaingia mfuko wa nani, na kozi yako imeidhinishwa na nani?

Mzazi anayempeleka mwanawe chuo kikuu cha kibinafsi hapa Nairobi ana haki ya kujua mambo mawili kabla ya kutuma shilingi ya kwanza kwenye paybill. Kozi ile ina ithibati ya nani? Na baada ya mishahara na kodi ya jengo kulipwa, pesa inayobaki anaichukua nani? La kwanza atalipata akijua pa kutafuta. La pili halimo kwenye barua ya kujiunga wala kwenye orodha ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE).

Nianze na hilo la pili, maana ndilo lenye ubishi. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 inatenganisha vyuo vya umma na vya kibinafsi. Hao wa kibinafsi wanawekwa fungu moja: Baraton ya Waadventista, CUEA ya Kanisa Katoliki, na wawekezaji waliotia mtaji wao wakitarajia faida. Mzazi mwenye bidii anaweza kuomba hati iitwayo CR12 kwa msajili wa kampuni aone wakurugenzi na wenye hisa, lakini lazima kwanza ajue jina la kampuni, na mara nyingi jina hilo si lile lililoandikwa langoni. Akilipata bado hataambiwa kama faida inagawanywa au inarudi kujenga maabara.

Wenye vyuo wana majibu, na baadhi yana uzito. Wanasema serikali haikuwa na nafasi za kutosha kwa kila aliyepata C+, alama ya chini ya kuingia chuo kikuu, wao wakaingiza fedha zao na kuchukua hatari. Wanasema faida si dhambi, na kwamba ukimbandika mtu alama ya mfanyabiashara, mzazi atamkimbia hata kama walimu wake ni wazuri kuliko wa jirani. Tena wanauliza: mbona vyuo vya umma haviulizwi? Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia mwaka 1998 chini ya mpango ambao kila mtu aliuita paraleli, na vingine vikafuata, vikafungua kampasi juu ya maduka na benki katikati ya jiji. Mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari ulipokazwa na waliopata C+ kwenda juu wakapungua hadi 88,929 mwaka 2016, kisha 70,073 mwaka uliofuata, pesa hiyo ya paraleli ilikauka na madeni yakabaki. Hapo nakubaliana nao kabisa. Tamaa ya karo haikuanzia kwa mwekezaji binafsi, na chuo cha umma nacho kinapaswa kueleza kila shilingi ya mwanafunzi anayejilipia.

Lakini hoja hiyo haiwaokoi. Inachothibitisha ni kwamba kila chuo kiseme. Marekani, ambako vyuo vya faida vimeleta maumivu makubwa kuliko yetu, mzazi akifungua College Scorecard ya serikali anaona kama chuo ni cha umma, cha kibinafsi kisicho cha faida, au cha faida. Ni kweli alama hiyo inaweza kupindwa. Grand Canyon University ya Arizona ilijitangaza mwaka 2018 kuwa si ya faida, huku kampuni iliyokuwa ikiimiliki, iliyoko kwenye soko la hisa, ikiendelea kuihudumia na kuchukua takriban asilimia 60 ya mapato ya karo. Wizara ya Elimu ya Marekani ikakataa mwaka 2019 kuitambua hivyo, na mwaka 2024 mahakama ya rufaa ikasema wizara ilitumia kigezo kisicho sahihi. Ubishi ule uliwezekana kwa sababu mkataba ulikuwa hadharani. Hapa kwetu hatuna hata cha kubishania.

Kwenye ithibati ndiko mwanafunzi anakoumia haraka. Simama Tom Mboya Street wakati wa usajili wa Septemba, utapewa karatasi. Juu kuna picha ya vijana wenye majoho, katikati orodha ya kozi na karo kwa muhula, chini kabisa, kwa herufi ndogo, mstari unaosema chuo kimesajiliwa. Kimesajiliwa na nani, kwa kazi gani? Cheti cha jina la biashara ni usajili. Leseni ya TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi, ya kufundisha diploma ni usajili, lakini haimpi mtu ruhusa ya kutoa digrii. Chuo kikuu chenye barua ya idhini ya muda hakijafikia kile chenye hati kamili. Na hata chenye hati kamili kinahitaji CUE ipitishe kila programu moja moja.

Kisha kuna mabaraza ya kitaaluma, yanayowasajili wahitimu ili wafanye kazi. Wahitimu wa uhandisi waliosoma kihalali, tena chuo cha umma, walikataliwa na bodi ya usajili, wakazunguka mahakamani kwa miaka hadi Mahakama ya Juu ilipowapa haki mwaka 2018. Sheria ilikuwa imerekebishwa mwaka 2016 ili CUE pekee ndiyo iidhinishe programu, na wapo wanaosema hilo linatosha. Mimi sioni hivyo kwa mtoto wa miaka 18 anayechagua sheria, uuguzi au uhandisi. Anachotaka kujua ni kama atasajiliwa akimaliza, na chuo kinajua jibu.

Wengine hudai ithibati ikiwepo, suala la faida halimhusu mwanafunzi. Warudi Marekani waone: Corinthian Colleges, kampuni ya vyuo vya faida, ilifunga milango Aprili 2015 na kuwaacha takriban wanafunzi 16,000 njiani. ITT Technical Institute, nayo ya faida, ikafuata Septemba 2016. Zote mbili zilikuwa na ithibati. ACICS, chombo kilichoipa ITT ithibati na vyuo vingi vya Corinthian pia, kilipokonywa utambuzi na serikali mwaka 2016, kikarudishiwa 2018, kikapokonywa tena 2022. Mwaka huohuo Washington ilifuta mikopo ya watu 560,000 waliopita Corinthian, dola bilioni 5.8. Mkenya aliyeuza ng'ombe kulipa karo hana hazina ya kumfutia chochote.

Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi wa huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nayo, na Ibara ya 35 inagusa hata habari iliyo mikononi mwa mtu binafsi pale inapohitajika kulinda haki. Msingi upo. CUE tayari huchapisha orodha ya vyuo na programu. Iongeze safu tatu: mmiliki ni nani kisheria, je, anaruhusiwa kugawana faida, na ni baraza gani linalowasajili wahitimu wa kozi hii. Habari hizohizo ziwe kwenye ukurasa wa kwanza wa barua ya kujiunga, kabla ya namba ya akaunti, na chuo kisichoziandika kirudishe karo yote mwanafunzi akiamua kuondoka.