Spika Mbili, Ukuta Mmoja na Mama Mkwe

Mimi sina ugomvi na muziki. Ugomvi wangu ni na wanaouza vyombo vya kuusikilizia, na hasa yule kijana wa dukani ambaye, nilipomwambia kwamba natafuta spika ndogo za kutundika ukutani, alinitazama kama mtu aliyekwenda kwa muuza samaki kuulizia magamba.

"Mzee wangu, spika ndogo za nini? Chukua dude hili hapa, wati elfu tatu."

Sebule yangu, hapa Ngamiani, ina urefu wa mita 3.5 na upana wa mita 3. Humo humo mna makochi mawili, meza, cherehani, kabati la vyombo ambalo mke wangu haruhusu lisogezwe hata kwa kufagia, na baiskeli yangu inayolala ndani, kwa kuwa hapa Tanga mtu akiibiwa baiskeli ni sawa na kuibiwa miguu. Wati elfu tatu zingekaa wapi? Nikaligeuza lile dude na kusoma kibandiko cha nyuma, mahali ambapo muuzaji hapendi mteja apafikie, nikakuta kimeandikwa kwamba linatumia umeme wa wati 60. Nikamuuliza kijana ni muujiza gani huo wa kula 60 na kutoa 3,000, maana kama ni kweli basi tulichomeke kwenye gridi ya taifa tuusahau mgao. Akanijibu kwa upole, kama anayemfundisha mtoto, kwamba hiyo ni PMPO. Kwa ninavyoielewa, PMPO ni herufi nne zinazotangulizwa mbele ya uongo ili uonekane umesoma. Kipimo cha kuamini ni RMS, yaani nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo bila kuanza kukoroma.

Tena wati zenyewe si za kuringiwa hivyo. Ukiziongeza mara mbili unapata nyongeza ya desibeli 3 tu, desibeli ikiwa ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti, na ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu, yakupasa uziongeze kama mara kumi. Ndiyo maana mwenye chumba kidogo huuliza kwanza wati moja inazaa sauti kiasi gani. Spika ya desibeli 88, ikipimwa kwa wati 1 umbali wa mita 1, ukiipa wati 20 za kweli itamtoa jirani nje akiwa na ufagio mkononi. Haya nilimweleza kijana yote. Akaniuliza kama nitalipa taslimu au kwa simu.

Sikulipa kwa njia yoyote. Nilikwenda kwa fundi mmoja anayeuza spika za mtumba, nikachagua jozi ya maboksi yasiyozidi urefu wa kiganja na nusu, yenye koni ya inchi 4, kila moja ikiwa na uzito wa kilo 3 hivi. Kosa langu ni kwamba nilizikagua kwa mbele peke yake, kama mtu anayeoa kwa kutazama picha. Nyuma zilikuwa na tundu la kutolea pumzi ya besi, na tundu la namna hiyo linataka nafasi ya kupumulia. Ukilibana ukutani, na ukuta wenyewe una desturi ya kukuza besi, na pembe ya chumba hukuza zaidi, unapata kilichonipata mimi: taarabu za zamani za Black Star na Lucky Star, vikundi vya hapa hapa mjini, zikawa zinaimbwa ndani ya pipa. Kwa spika ya ukutani, tafuta boksi lililozibwa kabisa au lenye tundu upande wa mbele. Mimi nilizibia kwa soksi nyeupe za shule, moja huku na moja kule, na tiba hiyo ilisaidia mpaka Jumatatu asubuhi, mwenye soksi alipozitaka. Sasa kuna vipande vya godoro.

Lakini hayo ni ya spika. Ya ukuta ndiyo yaliyonizeesha. Nyumba yetu ni ya udongo na fito, imepigwa lipu kwa nje ikaonekana ya kisasa, na fundi aliyekuja na drili aliiamini ile lipu. Chuma kiliingia kama kijiko kwenye uji. Tundu lililokusudiwa liwe la upana wa kalamu likawa la kikombe cha kahawa, plagi ya plastiki ikazunguka humo kama jino bovu, na udongo mwekundu ukamwagika juu ya kitambaa cha kabati, kile kile kisichoguswa. Mke wangu hakusema neno, na waliooa wanajua maana yake. Ikabidi tuugonge ukuta kwa kifundo cha kidole, tukisikiliza wapi panalia bupu na wapi panalia ko, mpaka tukazipata boriti, tukazipigilia ubao, na spika zikatundikwa kwenye ubao.

Fundi alitaka kuzipandisha hadi darini, kama vipaza sauti vya stendi. Nikakataa. Sauti nyembamba husafiri kama mwanga wa tochi, humfikia anayemulikwa, ilhali besi husambaa kama moshi wa udi. Kwa hiyo spika ndogo ya juu inamulika utosi wa watu, masikio yanabaki gizani. Mahali pake hasa ni usawa wa sikio la aliyeketi, lakini usawa huo umeshikwa na usukani wa baiskeli, basi tukaziweka juu kidogo na kuziinamisha mbele.

Nikaketi kwenye kochi langu, katikati ya sebule, mahali pa mwenye nyumba. Besi haipo. Nikakagua waya, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, maana ukizipishanisha kwenye spika moja besi huuana zenyewe kwa zenyewe. Zilikuwa sawa. Wakati huo mama mkwe, aliyekuja kutoka Pangani kwa siku tatu na sasa ana wiki ya pili, alikuwa ameketi mkekani, ameegemea ukuta, macho ameyafumba, kichwa kinakwenda na gitaa.

"Mwanangu," akasema, "besi lake tamu hili. Mpaka mgongoni nalisikia."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba katika chumba kidogo besi hujikusanya kando ya kuta na pembeni, na katikati huzimika. Kiti bora katika nyumba yangu ni ule mkeka, na mkwe hainuliwi. Nimeuliza kwa adabu, kupitia kwa mke wangu, kama safari ya Pangani ipo karibu. Nimejibiwa kwamba mama anasema hapa amepapenda.